Charles Kettering na Ufunguo wa Motokaa

Mtu aingiaye katika motokaa hutia ufunguo mahali pake, akauzungusha kidogo, na mara injini huanza kunguruma. Kazi hiyo haimchukui hata nusu dakika, wala haimtoi jasho. Mtoto akiona jambo hilo kila siku hulidhania kuwa jambo dogo. Lakini zamani halikuwa dogo hata kidogo, na watu wengi walivunjika mikono kabla halijawa jepesi.

Motokaa za kwanza hazikuwa na ufunguo wa kuwashia. Mwenye motokaa alisimama mbele ya gari lake, akatia chuma kilichopindwa, kiitwacho hendeli, katika tundu lililokuwa chini ya rejeta, akazungusha kwa nguvu zake zote. Mvua ikinyesha, alizungusha katika mvua. Tope likiwapo, alizungusha katika tope. Hatari yake ilikuwa hii: cheche ikitokea ndani ya injini kabla ya wakati wake, injini ilirudi nyuma kwa ghafula, na hendeli ikampiga mwenye kuishika. Wengine walivunjika kifundo cha mkono, wengine mfupa wa mkono, na wengine walipigwa usoni. Kwa hiyo wazee na watu wasio na nguvu nyingi waliogopa kuendesha motokaa peke yao.

Mtu aliyeiondoa hatari hiyo alikuwa Mmarekani, jina lake Charles Franklin Kettering. Alizaliwa tarehe 29 Agosti mwaka 1876 katika shamba karibu na mji mdogo wa Loudonville, katika jimbo la Ohio. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa mkulima, na watoto wote walifanya kazi za shamba kama desturi ya watoto wa wakulima.

Tangu utoto wake Charles alisumbuliwa na macho. Akisoma kwa muda mrefu, kichwa kilimwuma sana, na herufi zikachanganyika mbele yake. Kwa hiyo alijifunza kusikiliza kwa makini, na kuyashika moyoni yale aliyoyasikia. Tena alipenda kuvifungua vyombo vilivyoharibika ili apate kujua kilichomo ndani yake. Alipomaliza masomo yake ya kwanza akawa mwalimu wa shule ya kijiji, akaweka akiba katika mshahara wake ili aende kusoma zaidi.

Akaenda chuoni, lakini macho yakamshinda, akarudi. Alipopata nafuu akaingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio katika mji wa Columbus, ili ajifunze kazi ya umeme. Huko pia macho yakaumwa hata hakuweza kuendelea. Kijana mwingine angaliona kwamba mlango umefungwa, akakata tamaa. Kettering hakukata tamaa, wala hakukaa bure. Alitafuta kazi katika kampuni ya simu, akachimba mashimo ya nguzo, akapanda nguzo, akafunga nyaya. Kazi ile ya nje iliyapumzisha macho yake, na tena ilimfundisha kwa mikono yake mambo ambayo wenzake waliyasoma katika vitabu tu. Kisha akarudi chuoni mara nyingine. Rafiki zake walimsomea vitabu kwa sauti, naye akasikiliza. Mwaka 1904 alihitimu, umri wake ukikaribia miaka 28, naye aliwapita kwa umri wengi wa wenzake.

Mwaka uo huo alipata kazi katika mji wa Dayton, katika kampuni ya National Cash Register, iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani. Zamani zile mwuza duka alizungusha mpini kila alipouza kitu, ili mashine iandike bei na mtoto wake wa fedha ufunguke. Mabwana wa kampuni walitaka umeme ufanye kazi hiyo. Lakini mota ya umeme yenye nguvu za kutosha ilikuwa kubwa mno, haikuweza kuingia ndani ya mashine.

Kettering akaliangalia jambo hilo kwa njia nyingine. Mafundi walipopima mota, waliipima kwa kazi ya kutwa nzima. Lakini mashine ya dukani haifanyi kazi kutwa nzima. Hufanya kazi kitambo kidogo, kisha hupumzika mpaka mnunuzi mwingine aje. Mota ndogo ikibebeshwa mzigo mzito kwa muda mrefu hupata moto ikaungua. Lakini ikibebeshwa mzigo ule kwa kitambo kidogo tu, kisha ikapumzishwa, haidhuriki. Ni kama mtu awezaye kuinua gunia zito na kulitia garini, ijapokuwa hawezi kulichukua begani safari ya siku nzima. Basi akatumia mota ndogo, nayo ikatosha. Wazo hilo alilihifadhi, na baadaye lilimfaa sana.

Katika kampuni ile alikuwako bwana mmoja, Edward Deeds, aliyekuwa rafiki yake. Nyuma ya nyumba ya Deeds palikuwa na banda. Kettering na wenzake wachache walikutana katika banda lile jioni baada ya kazi, na siku za mapumziko, wakafanya majaribio ya umeme wa motokaa.

Jambo la kwanza walilolishika ni cheche. Injini ya petroli huvuta hewa pamoja na mvuke wa petroli, huibana ndani ya silinda, kisha cheche huiwasha. Moto ule ndio unaoisukuma pistoni, na pistoni ndiyo inayozungusha magurudumu. Bila cheche, petroli ni kimiminiko tu, wala gari haliendi. Katika motokaa nyingi za wakati ule cheche zilitoka kwa mfululizo, nyingi kuliko zilizohitajiwa, na betri zikaisha upesi. Kettering akatengeneza mtambo uliotoa cheche moja tu yenye nguvu, kwa wakati wake hasa. Umeme wa betri ulipita katika koili. Vipande viwili vidogo vya chuma, ambavyo mafundi huviita platini, vikaachana kwa ghafula. Na hapo umeme ukaruka katika plagi ukawa cheche.

Habari za mtambo huo zikamfikia Henry Leland, mkuu wa kiwanda cha motokaa za Cadillac katika mji wa Detroit. Leland alikuwa mtu mwangalifu, asiyependa kazi ya ovyo. Akaujaribu, akaridhika, akaagiza mitambo kwa maelfu. Hivyo mwaka 1909 Kettering na Deeds walianzisha kampuni yao, iliyojulikana kwa jina la Delco. Kettering akaiacha kazi yake ya mshahara wa hakika, akaingia katika kazi ambayo hakujua mwisho wake.

Haukupita muda mrefu Leland akaleta shauri jingine, gumu zaidi. Husimuliwa kwamba rafiki yake mmoja alisimama njiani kumsaidia mwanamke ambaye motokaa yake ilizimika. Hendeli ikarudi nyuma ikampiga, naye baadaye akafa. Leland alihuzunika sana, akaazimu kwamba motokaa zake zisizungushwe tena kwa mkono. Akamwuliza Kettering kama umeme waweza kuizungusha injini.

Wataalamu wengi walikwisha kusema kwamba haiwezekani. Walipiga hesabu wakaona kwamba mota yenye nguvu za kuizungusha injini ya motokaa ingekuwa kubwa karibu kama injini yenyewe, na betri zake zingelijaza gari zima. Hesabu yao haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika swali walilojiuliza. Walihesabu mota ya kufanya kazi siku zote, nao hawakukumbuka kwamba injini ikikwisha kuanza, haihitaji tena kuzungushwa. Kettering akaikumbuka mashine ya dukani. Aliona kwamba mota ya motokaa nayo itafanya kazi kwa sekunde chache, kisha itapumzika.

Yeye na wenzake walifanya kazi katika banda usiku na mchana. Hawakutafuta mota peke yake. Betri ikitoa umeme kila siku bila kujazwa itakwisha. Kwa hiyo ilikuwa lazima injini yenyewe, ikizunguka, iurudishe umeme ndani ya betri. Na kwa kuwa umeme upo, yafaa pia uwashe taa, badala ya taa za gesi ambazo dereva aliziwasha kwa kiberiti. Hivyo Kettering aliunganisha kazi zote: kuizungusha injini, kuijaza betri, kutoa cheche na kuwasha taa. Mwezi wa Februari mwaka 1911 motokaa ya Cadillac yenye mtambo huo ilikuwa tayari kujaribiwa huko Detroit, nayo ikaanza bila hendeli. Motokaa za Cadillac za mwaka 1912 ziliuzwa zote zikiwa na mtambo huo.

Jambo hilo lilibadili mambo mengi. Kabla ya hapo wanawake wengi wenye uwezo walipenda motokaa za betri tupu, kwa sababu hazikuhitaji hendeli, ijapokuwa hazikuweza kwenda mbali. Sasa kila mtu aliweza kuiwasha motokaa ya petroli akiwa ameketi. Daktari aliyeitwa usiku hakuchelewa tena kwa sababu ya injini baridi. Mwaka 1919 hata motokaa za Ford, zilizokuwa za bei nafuu, zikaanza kupata stata ya umeme.

Ufunguo wenyewe haukuja wote kwa siku moja. Katika motokaa nyingi za zamani ufunguo au swichi iliruhusu tu umeme kwenda kwenye koili, na dereva alikanyaga au alibonyeza kitu kingine ili stata izunguke. Mwaka 1949 motokaa za Chrysler zikaanza kuunganisha mambo hayo mawili, hata kuzungusha ufunguo kukawa ndiko kuiwasha injini.

Mwanafunzi akiyafahamu hayo ataona kwamba ufunguo hauna nguvu yo yote ndani yake. Swichi ni kama mlango, na ufunguo ni ruhusa ya kuufungua. Nguvu zatoka katika betri. Ndiyo maana motokaa ya kale, isiyo na kufuli la usukani, haifi kwa sababu ufunguo wake umepotea. Mwenye gari humwita fundi atie swichi mpya pamoja na ufunguo wake. Fundi mwema kwanza huondoa waya wa betri, ili nyaya zisigusane zikatoa moto. Kisha huifungua swichi ya zamani, akiangalia kila waya umetoka wapi: mmoja waleta umeme kutoka katika betri, wa pili wapeleka umeme kwenye koili, na wa tatu wapeleka umeme kwenye stata. Hutia alama katika kila waya, ndipo aiondoe. Halafu hufunga swichi mpya, kila waya mahali pake, na mwisho hurudisha waya wa betri. Akibahatisha bila kutia alama, yamkini ataunguza koili au stata itazunguka bila kukoma. Na kabla ya yote huuliza gari ni la nani, kwa maana ufunguo uliwekwa pia kuwa mlinzi wa mali ya mtu.

Kettering alipata sifa na mali. Kampuni ya Delco ikauzwa, na baadaye ikawa chini ya General Motors, kampuni kubwa ya motokaa. Tangu mwaka 1920 mpaka mwaka 1947 Kettering alikuwa mkuu wa utafiti wa kampuni hiyo. Aliwafundisha vijana wake kwamba jaribio likishindwa si aibu, maana linaonyesha njia isiyofaa. Alifanya kazi pia ya kuboresha injini za dizeli, zilizovuta magari moshi ya Marekani badala ya injini za mvuke. Kwa jumla alipata hati za uvumbuzi zaidi ya 180.

Lakini maisha ya mtu mkubwa yana mambo ya kusifiwa, na yana mambo ya kuonya. Injini za wakati ule zilikuwa na tabia ya kugonga zinapopanda mlima, na watu wengine walisema kwamba mtambo wa cheche wa Kettering ndio uliosababisha. Kettering akataka kuijua kweli. Akamweka kijana wake, Thomas Midgley, kulitafuta jambo hilo. Walikuta kwamba lawama haikuwa ya cheche, bali ya petroli yenyewe, ambayo iliungua vibaya ilipobanwa sana. Wakajaribu kuichanganya na vitu vingi, na mwezi wa Desemba mwaka 1921 wakapata dawa yenye madini ya risasi. Kidogo tu cha dawa hiyo kilitosha kuinyamazisha injini. Mwaka 1923 petroli yenye risasi ilianza kuuzwa katika mji wa Dayton, na mwaka uliofuata Kettering akawa mkuu wa kampuni iliyoiuza.

Risasi ni sumu, na jambo hilo lilijulikana tangu zamani za kale. Tena walijua kwamba spiriti itengenezwayo kwa mimea yaweza pia kuzuia kugonga. Lakini dawa ya risasi ilikuwa rahisi, na faida yake ilikuwa kubwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha dawa hiyo katika jimbo la New Jersey walirukwa na akili, wakafa. Mwaka 1925 serikali ya Marekani iliwakutanisha wenye viwanda na madaktari. Daktari Alice Hamilton, mwanamke aliyejua sana sumu za viwandani, alionya kwamba dawa hiyo itawadhuru watu wengi. Kettering na wenzake waliitetea kazi yao. Mwishowe uuzaji ukaruhusiwa tena, na petroli yenye risasi ikaenea duniani kote, hata Afrika.

Miaka mingi ikapita. Moshi wa motokaa ukatia risasi katika hewa na mavumbi ya miji, na wataalamu wakathibitisha kwamba risasi hudhuru ubongo wa watoto, hata ikiwa kidogo. Nchi moja baada ya nyingine ikaikataza petroli hiyo. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na mwaka 2021 nchi ya mwisho, Aljeria, ikaacha kuiuza kwa motokaa. Hivyo kazi iliyoanza kwa jaribio moja ilichukua karibu miaka mia kutenguliwa.

Katika uzee wake Kettering alitoa sehemu ya mali yake kwa manufaa ya watu. Mwaka 1945 yeye na Alfred Sloan, aliyekuwa mwenzake katika General Motors, walianzisha katika mji wa New York taasisi ya kutafuta dawa ya ugonjwa wa kansa. Kettering alifariki mwezi wa Novemba mwaka 1958, akiwa na miaka 82. Karibu na Dayton uko mji unaoitwa kwa jina lake.

Watu wawili walionekana ndani ya mtu mmoja. Wa kwanza ni yule wa bandani, aliyesikia habari za mifupa iliyovunjika, akajiuliza kazi yenyewe yahitaji nini, akaiondoa hatari ambayo wote waliizoea. Wa pili ni yule wa dawa ya risasi, aliyetatua shida ya injini, lakini hakumsikiliza vema aliyeuliza moshi utakwenda wapi na nani atauvuta. Akili yake ilikuwa ile ile mara zote mbili. Tofauti ilikuwa katika swali. Mara ya kwanza aliuliza habari za mtu na mashine pamoja. Mara ya pili aliuliza habari za mashine zaidi. Kila azungushaye ufunguo wa motokaa anaupokea wema wa lile swali la kwanza. Na kila atakaye kuwa fundi, mwalimu au mtaalamu, hana budi kuyakumbuka maswali yote mawili.

MASWALI

1. Kwa nini hendeli iliwadhuru watu wengi?
2. Macho mabovu yalimzuia Kettering kwa njia gani, na yalimfundisha nini?
3. Wataalamu walikosea wapi walipopiga hesabu ya mota ya kuizungusha injini?
4. Fundi atiaye swichi mpya afanye nini kwanza, na kwa sababu gani?
5. Daktari Alice Hamilton alionya juu ya nini? Je, wakati ulimshuhudia?